Binti yangu amekataa kusema "mimi ni jasiri" mbele ya kioo: je, niache?

"Ndugu mtaalamu, nina binti wa miaka mitano na nusu na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Kwa miezi kadhaa sasa, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, tunasimama mbele ya kioo na kurudia maneno haya: 'Mimi ni jasiri. Mimi ni mwerevu. Mimi ni mzuri. Ninaweza kila kitu.' Nilianza kwa sababu binti yangu huwaogopa watu, nami nilitaka akue akijiamini, jambo ambalo mimi sikulipata utotoni. Mwanzoni alifurahi. Majuma mawili yaliyopita alinyamaza, na nilipomhimiza akasema: 'Lakini mama, mimi si jasiri. Jana nililia mwalimu aliponiita.' Nikamwambia asiseme hivyo, kwamba yeye ni jasiri sana, naye akaanza kulia. Mdogo wake bado anayasema kwa kelele na furaha. Mume wangu anasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba ninawaharibu watoto. Je, niendelee, niache, au nimekwisha kumdhuru?"

Mama mpendwa,

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokuumiza zaidi: hapana, hujamdhuru binti yako. Miezi michache ya kusimama mbele ya kioo pamoja na mama anayempenda haimwachii mtoto jeraha. Tena katika kisa chako naona jambo la kutia moyo, nalo ni kwamba mtoto wa miaka mitano na nusu aliweza kumwambia mama yake waziwazi kwamba maneno wanayoyasema hayalingani na yaliyompata jana. Mtoto asiyejisikia salama kwa mzazi wake huendelea kurudia anachoagizwa, na yake akayaweka moyoni. Kwa hiyo maneno yake, "mimi si jasiri, jana nililia", nayachukulia kuwa ndiyo ya maana kuliko yote yaliyosemwa mbele ya kioo hicho, na sehemu kubwa ya jibu langu itayahusu hayo.

Wazazi wengi wanaoniuliza kuhusu kauli chanya za kila siku huamini, hata kama hawalisemi waziwazi, kwamba sentensi ikirudiwa mara nyingi hujipenyeza akilini na kugeuka kuwa imani. Wazo hilo lina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfamasia Mfaransa, Émile Coué, aliyefariki mwaka 1926, aliwafundisha wagonjwa wake kujirudia kila siku kwamba hali yao inazidi kuwa njema siku baada ya siku, na mafundisho yake yakaenea Ulaya na Marekani. Baadaye sana, mwaka 1988, mwanasaikolojia wa Marekani Claude Steele alitoa nadharia ya kujithibitisha, ambayo leo hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo ushahidi wa kisayansi wa kauli chanya. Lakini nadharia hiyo inahusu jambo jingine. Katika majaribio yaliyotokana nayo, mtu huombwa kutafakari au kuandika juu ya kitu anachokithamini kwa dhati, kwa mfano familia yake, dini yake au urafiki, ili anapokabiliwa na kushindwa au lawama akumbuke kwamba utu wake ni mpana kuliko jambo hilo moja. Haombwi kutamka sifa asiyoiamini. Wanaoyachanganya mambo haya mawili humpa mzazi ahadi ambayo utafiti haukuitoa.

Kuhusu kutamka sifa ambayo mtu haiamini, utafiti unaojulikana zaidi ulichapishwa mwaka 2009 na Joanne Wood na wenzake nchini Kanada. Waliwataka watu wazima wajirudie kwamba wao ni watu wanaopendeka. Wale waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo zaidi. Wale waliojithamini kidogo walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuambiwa warudie kauli hiyo. Watafiti waliourudia utafiti huo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, na washiriki hawakuwa watoto, kwa hiyo siutumii kama hukumu. Nautaja kwa sababu maelezo yake yanafanana mno na yaliyotokea nyumbani kwako. Mtu anaposema "mimi ni jasiri", akili yake haipokei tu na kunyamaza, bali hutafuta ushahidi. Anayekumbuka mara nyingi alizothubutu huupata upesi, na sentensi humpa nguvu. Anayekumbuka machozi ya jana hupata ushahidi wa kinyume, na kadiri sifa inavyokuwa kubwa ndivyo pingamizi nalo linavyokuwa kubwa. Binti yako alifanya hivyohivyo, ila yeye alilitamka pingamizi lake kwa sauti.

Utauliza kwa nini mdogo wake hapingi. Mtoto wa miaka mitatu hujieleza kwa vitu anavyoviona na anavyovifanya, na kwa kawaida huamini kwamba anaweza kuliko anavyoweza kweli: atakuambia anakimbia kuliko kila mtu, dakika moja baada ya kushindwa mbio. Huko si kudanganya wala kujivuna. Bado hana desturi ya kulinganisha alivyo leo na alivyokuwa jana, wala kujipima kwa wenzake. Kwake yale maneno ya asubuhi ni mchezo wenye sauti na mdundo, na furaha yake inatokana na kusimama karibu nawe. Dada yake ameanza kuvuka hatua hiyo. Anaweza kusimulia yaliyompata, anaweza kuona kwamba watu wengine wanamtazama na kumfikiria, na ameanza kutambua kwamba sentensi inaweza kuwa kweli au isiwe kweli juu yake mwenyewe. Kujilinganisha na wenzake kutaongezeka zaidi atakapofika miaka saba au minane. Kukataa kwake ni dalili ya akili inayokua, na ningesikitika kama angefundishwa kuipuuza akili hiyo ili kumridhisha mtu mzima.

Sasa turudi pale kioo kilipo, tuitazame ile dakika moja kwa karibu. Binti yako alikuletea mambo mawili kwa pamoja: hitimisho, "mimi si jasiri", na habari, "nililia mwalimu aliponiita". Wewe ulilijibu hitimisho. Habari ilibaki bila mtu wa kuipokea, na nadhani ndiyo sababu alilia, kwa kuwa mtoto anayeambiwa "usiseme hivyo" anapojaribu kueleza jambo lililomwaibisha huelewa kwamba jambo lenyewe halisemeki. Ulisema kwa upendo, na karibu kila mzazi angesema hivyo. Lakini bado unaweza kulirudia jambo hilo, hata baada ya majuma mawili, maana watoto hawaweki tarehe ya mwisho ya mazungumzo ya namna hii. Tafuta wakati tulivu ambapo mikono yenu ina kazi nyepesi, umwambie: "Siku ile uliniambia ulilia mwalimu alipokuita. Sikukusikiliza vizuri. Ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Akisema aliogopa, usiharakishe kuiondoa hofu hiyo. Mwambie kwamba unaona ilikuwa vigumu watu wote kumgeukia kwa wakati mmoja. Akishamaliza ndipo ulishughulikie hitimisho lake, kwa maana lina kosa moja linaloweza kusahihishwa kwa ukweli: anaamini kwamba jasiri ni mtu asiyeogopa wala kulia. Muulize, "Na kesho yake ulirudi shuleni?" Akijibu ndiyo, mwambie kwamba mtu anayeogopa mahali na bado akaenda ndiye watu wanayemwita jasiri. Hapo neno hilo litakuwa limepata ushahidi kutoka katika maisha yake mwenyewe, nawe hutahitaji kumwomba alirudie.

Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba maneno ambayo mtoto hujiambia mwenyewe yanatokana na maneno aliyoambiwa na watu walipokuwa wakifanya jambo pamoja naye. Mtazame mtoto wa miaka minne anayefunga vifungo vya shati peke yake. Utamsikia akinong'ona: "Sio hiki. Cha chini. Vuta... bado... haya." Hayo ni maneno ya mtu fulani aliyewahi kuinama mbele yake na kumwelekeza, na sasa mtoto ameyafanya yake. Baada ya miaka michache mnong'ono huo huzama ndani na kuwa fikra zisizosikika. Ikiwa ndivyo, basi sauti ambayo binti yako atakuwa nayo moyoni anapoitwa mbele ya darasa inajengwa kwa sehemu kubwa na yale anayoyasikia wakati kifungo kinapokataa, maziwa yanapomwagika au anapochelewa kuvaa viatu nawe una haraka. Mzazi anayetamka maneno mazuri saa moja asubuhi, na saa moja na robo akasema "hebu lete, wewe huwezi", amemfundisha mtoto sentensi mbili, na ile ya pili imekuja pamoja na tukio la kuithibitisha. Kama una nguvu za kubadilisha jambo moja tu, libadilishe hilo, hata kioo kibaki kama kilivyo.

Je, basi hakuna sentensi za kumfundisha mtoto ajiambie? Zipo, na aina yake ina maana kubwa. Mwaka 2020 Sander Thomaes na wenzake nchini Uholanzi walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa miaka 9 hadi 13 waliokuwa wakifanya mtihani wa hisabati. Katikati ya mtihani baadhi walijiambia kwamba watajitahidi kadiri wawezavyo, wengine wakajiambia kwamba wao ni hodari sana, na wengine hawakujiambia lolote. Wale waliokuwa na shaka juu ya uwezo wao walifaidika na kauli ya kujitahidi, wala kauli ya kujisifu haikuwasaidia. Ni watoto wakubwa kuliko wako, lakini sababu inaeleweka katika umri wowote: "nitajaribu" ni jambo ambalo mtoto anaweza kulitimiza papo hapo, na hakuna machozi ya jana yanayoweza kulifanya uongo. Kwa watoto wadogo zaidi kuna njia nyingine inayopendeza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watoto wa miaka minne na sita ulionyesha kwamba waliojifanya kuwa mhusika shujaa wanayempenda waliendelea na kazi ya kuchosha kwa muda mrefu kuliko waliojifikiria kama wao wenyewe. Mtoto akijitazama kwa mbali kidogo, hofu au uchovu hupungua ukali. Kwa hiyo badala ya kumtaka binti yako adai kwamba ni jasiri, unaweza kumuuliza yule mhusika anayempenda angefanya nini akiitwa na mwalimu, mkaigiza nyumbani, yeye akiwa mhusika nawe ukiwa mwalimu, kisha mkabadilishana.

Kuhusu methali ya mume wako, ana sehemu ya ukweli, na ningependa mzungumze juu yake bila mmoja kumshinda mwingine. Zipo sifa zinazomdhoofisha mtoto. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba wanafunzi waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa haraka zaidi walipokutana na maswali magumu kuliko wale waliosifiwa kwa juhudi, kwa kuwa aliyeambiwa kwamba alifaulu kwa sababu ana akili hulazimika kuhitimisha, anaposhindwa, kwamba hana. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake waligundua kwamba sifa zilizotiwa chumvi, za aina ya "mchoro huu ni mzuri ajabu", ziliwafanya watoto wasiojithamini wachague kazi rahisi baadaye, ilhali watafiti haohao waliona kwamba watu wazima huwapa sifa za namna hiyo hasa watoto hao, kwa nia ya kuwainua. Binti yako yumo katika hatari hiyo kuliko mdogo wake. Lakini haifuati kwamba mtoto asisifiwe. Methali hiyo inamhusu mgema anayelegeza kazi kwa sababu sifa zimezidi. Haisemi lolote juu ya mtoto mwoga anayehitaji kujua kwamba amepiga hatua na kwamba kuna aliyeiona. Mwambie mume wako kwamba sifa fupi, ya kweli na inayotaja tendo haimharibu mtu: "Leo umemsalimia jirani kabla sijakuambia" humpa mtoto taarifa juu yake mwenyewe, na taarifa hiyo anaweza kuitumia tena.

Maoni yangu, basi, ni kwamba kwa binti yako uache kile kioo, bila kutangaza wala kumwonyesha kwamba amekosea au ameshinda. Sentensi ya kwanza kuiondoa kabisa, hata kwa mdogo wake, ni "ninaweza kila kitu", kwa sababu si kweli kwa mtu yeyote, na mtoto atakayeiamini ataona kila asiloliweza kuwa aibu. "Mimi ni mwerevu" na "mimi ni mzuri" si sumu, ila sioni faida ya kumfundisha mtoto kujikagua kwa sifa hizo kila asubuhi. Wakati huo wa asubuhi wenyewe ni mali, uutunze. Mnaweza kuutumia kwa kumbukumbu moja ya kweli ya jana, aitaje yeye au uitaje wewe, na mpango mmoja wa leo wenye neno "nikifanya hivi" au "nikiona hivi": "Nikiogopa kujibu, nitamwambia mwalimu polepole." Siku asipotaka, msifanye. Mdogo wake akipenda kuimba maneno yake aendelee kuimba, maana kwake ni wimbo. Siku atakapoanza kuuliza maswali kama dada yake, utajua la kufanya.

Kauli moja ningeitenga na nyingine zote, nayo ni ile ya upendo. Isiwe jambo ambalo mtoto analikariri juu yake mwenyewe, bali jambo analoambiwa, na hasa wakati hajafanya lolote la kusifiwa. "Ninakupenda hata ukilia shuleni" ni sentensi yako, si yake. Umeandika kwamba wewe mwenyewe hukupata kujiamini utotoni, na nimelisoma hilo kwa heshima. Huenda ndiyo sababu machozi yake yalikutia hofu, ukaona kwamba historia inajirudia. Yeye hana habari ya historia hiyo, wala hahitaji kuirekebisha. Linalomfaa zaidi ni kukusikia wewe, unapovunja kikombe au kukosea njia, ukijisemea kwa upole uleule unaotaka yeye awe nao.

Lazima pia niseme wazi kwamba hakuna maneno, hata yaliyochaguliwa vizuri namna gani, yanayochukua nafasi ya mazoezi madogo ya kukabili kinachoogopwa. Hofu ya mtoto hukua kila anapoepushwa na jambo, kwa kuwa nafuu anayoipata humfundisha kwamba kuepuka ndiko kulikomwokoa. Hupungua anapolikabili kwa kipimo anachokiweza na akaona kwamba limepita. Zungumza na mwalimu wake faraghani: kwa muda fulani amwulize swali karibu na dawati lake badala ya mbele ya wote, akubali jibu la kutikisa kichwa, kisha neno moja, kisha sentensi, na kila hatua irudiwe mpaka iwe ya kawaida. Nyumbani, mgeni anapomuuliza jina lake, usimjibie mara moja. Hesabu moyoni mpaka tano. Ukimya huo utakuwa mrefu kwako kuliko kwake.

Kwa ulivyoeleza, naona mtoto mwenye haya na hofu ya kawaida kwa umri wake, lakini sijamwona, na barua haiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi wa ana kwa ana. Mpeleke kwa daktari wa watoto au mwanasaikolojia wa watoto ikiwa anazungumza vizuri nyumbani lakini shuleni hasemi kabisa kwa zaidi ya mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa kuanza shule, kwa kuwa hali hiyo ina jina na tiba yake, na kusubiri aizoee mwenyewe huifanya iwe ngumu zaidi. Fanya hivyo pia akikataa shule mara kwa mara, akiumwa tumbo au kichwa asubuhi za shule bila daktari kuona sababu, usingizi ukivurugika, akianza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, au akisema kwa majuma kadhaa kwamba hafai au hapendwi. Akitaja kutaka kufa au kujiumiza, usisubiri wala usijadiliane naye kama anamaanisha. Mtafutie msaada siku hiyohiyo. Omba pia apimwe usikivu na matamshi, kwa sababu wapo watoto wanaonyamaza wakiitwa kwa kuwa hawakusikia vizuri au wanaona aibu ya namna wanavyotamka. Tiba yenye ushahidi mzuri kwa hofu za utotoni ni ile ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua, ambayo wazazi hushirikishwa. Ukiambiwa kwamba tiba yenyewe ni kukariri kauli tu, uliza maswali zaidi. Ukienda, beba maelezo mafupi ya majuma mawili au matatu: ni wapi alinyamaza au kulia, nani alikuwepo, ilichukua muda gani, na nini kilimtuliza.